Mawe Yaliyooshwa kwa Sabuni ya Unga

Kama umeingia kwenye kazi hii kwa sababu unapenda mawe, nakushauri uhame mapema. Wanaopenda mawe wapo: wajenzi, wauza kokoto, na wale wanaotembea wameinamisha shingo wakitafuta madini. Sisi tunaangalia pale ambapo jiwe halipo. Tunaangalia matundu, ile nafasi kati ya chembe na chembe ambamo maji, mafuta au gesi hukaa. Nimekula, nimejenga na nimesomesha watoto kwa kuhesabu vitu ambavyo havipo. Sijakutana na mfanyabiashara mwingine aliyenizidi kwa hilo, ingawa pale stendi ya Masasi waliojaribu walikuwepo.

Kazi yenyewe nawaeleza mara moja, na anayejua tayari avumilie, kusikia tena hakumpunguzii kitu. Unachukua kipande cha jiwe la mchanga, unakikausha. Unakinywesha gundi iliyotiwa rangi ya bluu ndani ya chombo kinachofyonza hewa, ili gundi iingie kila palipo na nafasi. Ikishaganda, unakibandika kwenye kioo na kukisaga mpaka kinakuwa chembamba kuliko ganda la kitunguu na mwanga unapenya. Unakiweka chini ya hadubini yenye kamera, unapiga picha nyingi zinazopakana, na kompyuta inaziunga ziwe picha moja kubwa. Chembe za mchanga zinatokea nyeupe au kijivu. Palipo bluu ndipo palipokuwa patupu. Kompyuta inahesabu nukta za bluu, unalinganisha na nukta zote, basi umejua jiwe lako lina nafasi kiasi gani.

Wengi wenu mnaishia hapo mnakwenda kunywa chai. Bado. Kuna swali la pili, na ndilo lenye ugali wako: tundu hili limeshikana na lile? Ile njia nyembamba kati ya tundu na tundu tunaiita koo. Jiwe lenye matumbo makubwa na makoo yaliyoziba halikupi maji hata ulibembeleze.

Mimi ni mtoto wa Lupaso. Kabla ya mawe niliuza mitumba Masasi mjini. Siku moja nimefungua robota, nachambua, kila suruali naigeuza ndani nje, naangalia mishono, naiweka, halafu naichukua tena naangalia mara ya pili. Mwanaume mmoja amesimama ananitazama, begi begani, anasubiri basi la kwenda pwani. Alikuwa Bwana Elineema, fundi wa maabara kutoka Upareni, aliyekuwa kwenye kazi ya kutafuta gesi.

"Wewe kijana, mbona huangalii nje hata kidogo?"

"Nje nitaipiga pasi mwenyewe," nikamwambia. "Nikishaipiga, hata mimi siiamini."

Alicheka mpaka akakosa basi. Hakununua suruali pia, nataka mjue hilo, lakini baada ya muda alituma ujumbe kwamba maabara yao inahitaji msaidizi mwenye jicho baya, lisiloamini kitu. Nikaenda.

Enzi zile kompyuta haikuhesabu chochote. Tulikuwa na kidude cha kubonyeza. Unasogeza kioo hatua ndogo chini ya hadubini, unatazama kilichoangukia katikati: chembe, bonyeza huku, tundu, bonyeza kule. Ukimaliza, shingo imekuwa kama ya mbuni. Hapo ndipo Bwana Elineema alipokuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayeagiza soda, "Haya, mara ya pili. Anzia upande wa pili, na ubadilishe kiti."

Nilibisha sana juu ya hicho kiti. Kiti kinahusiana nini na jiwe? Akanijibu kwamba ukikaa palepale ukaanzia palepale, jicho halihesabu, linakumbuka. Nimebadilisha viti maisha yangu yote ya kazi. Hata nyumbani Newala nina viwili mezani, na mke wangu alishaacha kuuliza cha pili ni cha nani.

Mengine aliyonifundisha nawapa bure, ingawa roho inaniuma kutoa kitu bila kuombwa kupunguziwa. Kwenye picha yako kukiwa na tundu la duara kamili, kama kifungo cha shati, hilo ni povu la hewa kwenye gundi, limetengenezwa na wewe. Jiwe halina muda wa kuchora duara. Na ukiona shimo jeupe lisilo na bluu, lenye umbo sawasawa na chembe jirani, jua umesaga kwa unga unaokwaruza mno na chembe imeng'oka baada ya gundi kuganda. Mwenzetu mmoja aliwahi kuleta picha iliyojaa mashimo ya namna hiyo akitangaza jiwe bora kuliko yote. Bwana Elineema akaitazama. "Hili si tundu," akasema. "Hili ni pengo la jino. Kamuulize mgonjwa nani kamng'oa." Yule mwenzetu akaitwa Daktari wa Meno mpaka alipohama.

Na vaeni glovu. Mimi sikuvaa, na kwa miaka mingi vidole vyangu vilikuwa bluu. Kanisani nikinyoosha mikono kupokea mkate, padri anasita kwanza, kama anajiuliza hii ni ibada au uchaguzi.

Zilipokuja kamera za kidijitali na kompyuta za kuhesabu, wazee wenzangu waliona wamefukuzwa kazi. Mimi niliona nimepata mtu wa kupatana naye bei. Maana bluu haianzi ghafla. Kuna bluu iliyokolea, kuna bluu ya aibu, kuna kijivu kinachojifanya bluu ukingoni mwa chembe. Mtu ndiye anayeiambia kompyuta: anzia hapa. Ukisogeza mpaka huo kidogo upande huu, jiwe linatajirika. Ukisogeza upande ule, linafilisika. Nilikaa na mtaalamu mmoja kutoka Dar es Salaam tukavutana juu ya mpaka huo kama watu wanaogombea kiwanja. Tulipatana pale nilipoleta jiwe ambalo tulikwishalipima kwa njia nyingine, kavu kwenye mizani, kisha likiwa limeshiba maji, tukajua nafasi yake bila picha. Tukasogeza mpaka hadi picha ikakubaliana na mizani, tukauacha hapo. Fanyeni hivyo. Kompyuta haichoki, hiyo sifa yake naikubali, ila pia haishtuki. Kushtuka ni kazi yako.

Sasa niwape kisa kimoja kizima, cha hapa hapa uwandani, nikiwa nimeshastaafu. Nina hadubini yangu niliyoinunua kuukuu baada ya mabishano yaliyomchosha muuzaji, nina kompyuta, nina chumba kimoja Newala ambacho mke wangu anakiita duka la vumbi. Binti mmoja akanipigia simu. Jina lake Nuru, mjiolojia, mzaliwa wa Mwanza, ameletwa na mradi wa maji wa Kitangari.

"Shikamoo Mzee Barnaba."

"Marahaba. Unauza au unanunua?"

"Naomba msaada, mzee."

"Basi unanunua. Karibu."

Hali ilikuwa hivi. Anayeishi uwanda huu hahitaji kuelezwa habari ya maji. Udongo wetu unakunywa mvua yote na kuificha mbali chini, na wanawake wanateremka bondeni na ndoo kuipandisha tena kwa vichwa. Mradi ulikuwa na fedha za kuchimba kisima kimoja kirefu. Kimoja tu. Kikitoka dhaifu, mtambo unafungasha unakwenda wilaya nyingine, na Kitangari inabaki na shimo la kuangalia. Vipimo vya awali vilionyesha sehemu mbili zinazokaribiana kwa ubora: moja kwenye mteremko jirani na zahanati, nyingine chini kabisa bondeni. Walikwishatoboa matundu membamba ya majaribio sehemu zote mbili, wakatoa vijiti vya mawe tunavyoviita kore, vinene kama mchi wa kutwangia. Mawe ndiyo yangeamua.

Kore za zahanati ziliwekwa ofisi ya kijiji, chini ya uangalizi wa Mama Sharifa, mwenyekiti wa kamati ya maji. Kore za bondeni zilibaki kulekule kwenye banda la mlinzi. Nuru alipita akamegua vipande kwenye ncha za kore, ili asiharibu kore zenyewe, akaniletea kwenye mifuko yenye majina.

"Mama Sharifa ametupokea vizuri sana," akaniambia. "Na mawe ameyatunza, hayana hata vumbi."

Nilisikia, nikaendelea kukoroga gundi.

Picha za bondeni zilitoka mbaya. Udongo laini umejaa kila mahali, makoo yamezibwa, bluu imetawanyika kama wino uliodondoka. Picha za zahanati! Vijana, sijaona kitu kizuri vile. Chembe zimekaa kwa nafasi, bluu imeungana kutoka ukingo hadi ukingo, unaweza kutembeza kidole kwenye kioo cha kompyuta usikwame popote. Nuru alisimama nyuma yangu akapiga makofi.

"Kisima kinakwenda zahanati," akasema. "Nawaandikia leo."

"Andika kesho. Leo tunahesabu mara ya pili."

"Mzee, nukta ni zilezile."

"Nukta ni zilezile, vipande si vilevile. Nipe vingine kwenye huo mfuko."

Nikabadilisha kiti. Nikachukua vipande vipya vya zahanati, nikaviweka kwenye sahani ya moto kuvikausha, kama inavyotakiwa kabla ya gundi. Vikaanza kupata joto. Nikanusa. Nikanusa tena.

"Binti, unasikia harufu gani?"

"Sabuni. Mmefua leo?"

"Harufu inatoka kwenye sahani."

Akainama. Jiwe lilikuwa linanukia shuka jipya lililoanikwa. Jiwe lililotoka chini zaidi ardhini kuliko makaburi yote ya Newala, linanukia maua ya sabuni ya unga.

Nuru hakuhitaji kuambiwa. Jiwe letu la huku ni laini, chembe zake zimeshikwa na udongo wa mfinyanzi. Liloweke, lisugue, na ule mfinyanzi wa nje unatoka, makoo yanafunguka, na vipande vilimeguliwa hukohuko nje. Tulikuwa tumepiga picha ya jiwe lililooga.

"Wametuchezea," akasema Nuru. Uso ulikuwa umebadilika. "Mzee, huyu mama ndiye aliyepigania zahanati kwenye mkutano. Alisema wanawake hawashuki tena bondeni. Akaachiwa mawe, akayasafisha yaonekane mazuri. Lazima niandike kwamba sampuli zimechezewa."

Mkijua maneno hayo yana maana gani, mtaelewa kwa nini niliondoa sahani kwenye moto. Mradi ukiambiwa kamati imechezea sampuli, hauhami kutoka zahanati kwenda bondeni. Unahama kijiji.

"Mwizi gani anaiba kwa sabuni inayonukia?" nikamuuliza. "Twende Kitangari kwanza. Kalamu haichachi."

Tulimkuta Mama Sharifa ofisini, ndoo zimepangwa barazani. Mwanamke mrefu, mkavu, sauti ya kuitia watu ng'ambo ya shamba. Alituketisha, akaleta chai na ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, iliyochemshwa, akakataa kuzungumza mpaka tumekula. Nuru alikuwa anatafuna kama mtu anayetafuna shauri.

"Mama Sharifa," akaanza, "yale mawe, yalioshwa?"

"Yalioshwa vizuri! Kwani kuna lililobaki na uchafu?"

Nuru akanitazama. Mimi nikatazama ming'oko.

"Nani alikuambia uyaoshe, mama?"

"Naambiwa? Mwanangu, kwenu mgeni akija kuchukua kitu mnampa kina matope? Yaliletwa hapa yamepakaa tope la mtambo, yanatia aibu. Nikasema hawa watu wanatoka mbali, watasema Kitangari hawana adabu. Nikayaloweka kwenye beseni na sabuni, nikayasugua moja moja kwa brashi, nikayaanika. Ndoo nzima ya maji imekwenda."

"Ndoo ya kutoka bondeni?" Nuru akauliza, taratibu.

"Kwani ipo ya kutoka kwingine?"

Nje mwanamke mmoja alikuwa anatua ndoo, tukamsikia akishusha pumzi. Nuru alitazama mikono ya Mama Sharifa, kisha yake. Mimi huo utamaduni naujua, mama yangu angeosha hata kuni kama mgeni angekuja kuzichukua. Lakini hata mimi sikuwa nimefikiria ndoo.

Mama Sharifa hakuwa mjinga. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, akaweka kikombe chini.

"Mlidhani nimefanya hila."

"Mama..." Nuru akaanza.

"Mlidhani. Sema tu." Akasimama. "Mimi ningetaka kuwadanganya ningewaosheeni? Ningewaletea mawe ya kwa shemeji yangu kule Mnyambe, yana matundu kama maandazi! Mngechimba huku mnaimba!"

Nuru akasimama naye. "Ndiyo, nilidhani. Nisamehe, mama. Nilitaka kuandika hivyo."

"Na huyu mzee?"

"Huyu alisema mwizi hatumii sabuni."

Mama Sharifa akanigeukia. "Ahsante baba. Ila ungesema kwa heshima zaidi." Kisha akakaa, na sauti ikashuka. "Nimewaharibia?"

"Umeosha nje," nikamwambia. "Sisi tunataka ndani. Kore zenyewe bado nzima, tunakwenda kuzikata."

Wazo la namna ya kukata lilikuwa la Nuru, na ni zuri, liigeni. Alisema tusichukue kipande cha katikati peke yake, maana tutabaki na picha mbili zinazobishana. Tukate kore kwa upana, kama unavyokata mhogo, halafu tusage mshipi mmoja kutoka ganda hadi kiini, tupige picha mfululizo bila kuruka. Jiwe lenyewe litaonyesha sabuni iliishia wapi. Tukafanya hivyo kwa kore za zahanati na kwa kore za bondeni, na Mama Sharifa akapanda gari akaja Newala kuangalia, maana alisema mawe aliyoyaogesha hayawezi kusemwa asipokuwepo.

Mshipi wa zahanati ukatokea kwenye kompyuta. Ukingoni bluu inang'aa, imeungana. Unasogea ndani, bluu inaanza kukatika. Ukifika kiini, chembe zimegandamana, na kila koo limejaa kitu cha rangi ya chai ya maziwa.

"Hii bluu ndiyo maji?" Mama Sharifa akauliza.

"Ndipo maji yangekaa."

"Na hii ya katikati?"

"Mfinyanzi. Ndivyo lilivyo jiwe lenyewe huko chini."

Akaweka kidole kwenye kioo, pale bluu ilipoanza kukatika. Akakiacha hapo muda mrefu.

"Kwa hiyo mimi nilifika hapa."

"Brashi yako ina nguvu, Mama Sharifa. Ila huko chini haifiki."

Mshipi wa bondeni ukawa kinyume. Nje pamechafuka, kwa sababu tope la kuchimbia lilikuwa limepenya ukingoni na hakuna aliyeliosha. Ndani, hatua chache tu, mawe yakafunguka: makoo wazi, bluu inaita bluu. Nje zote mbili zilitudanganya, moja imeogeshwa na nyingine imepakwa. Nikabadilisha kiti nikahesabu kore nyingine ya bondeni, kisha Nuru akahesabu bila kutazama jibu langu. Tukapatana.

Mama Sharifa hakufurahi. Mngekuwa nyinyi mngefurahi? Alikuwa amewaahidi wanawake wa kijiji kwa mdomo wake mwenyewe kwamba safari ya bondeni imekwisha, na sasa tunamwambia maji yako bondeni.

"Sawa," akasema mwishowe. "Shimo wekeni bondeni. Bomba lifike zahanati."

Nuru akaeleza kwamba mpango ni tangi dogo chini, kando ya kisima, watu wachote hapo. Bomba la kupanda mteremko halimo.

"Basi na kamati haimo," akasema Mama Sharifa.

Nilijisikia kijana tena. Nikamwambia Nuru ampigie mkubwa wake na aweke spika. Mkubwa alikuwa mtu mwenye haraka.

"Mzee, picha zako nimeziona, nzuri. Tunachimba bondeni. Kuna lingine?"

"Lipo. Hilo jiwe makoo yake wazi, litatoa maji bila kuvutwa kwa nguvu. Ile pampu kubwa mliyoipanga ilikuwa ya jiwe lililoziba makoo. Hapa inatosha ndogo. Kinachobaki kipandishe bomba mpaka zahanati."

"Yaani unaniuzia bomba kwa picha?"

"Nakuuzia kisima kwa picha. Bomba ni nyongeza."

"Na maji yakitoka kidogo?"

"Mtambo utakapofika jiwe lile, pimeni kabla ya kununua pampu yoyote. Yakitoka kidogo, bomba lisahau. Yakitoka kama ninavyosema, unaliweka. Na hayo uyaandike, uyatume kwa Mama Sharifa, si kwangu. Mimi nimestaafu, nasahau."

Nikasikia feni yake ikizunguka, kisha akaniuliza. "Mzee ulikuwa unafanya kazi gani kabla ya maabara?"

"Mitumba."

"Inaonekana," akasema. Barua ikaja.

Kulibaki kuwaeleza wanawake, na hiyo kazi mimi sikuithubutu. Mama Sharifa alichapisha ule mshipi kwenye karatasi ndefu, akasimama nao mkutanoni mbele ya ofisi, akaeleza ukingo na kiini, sabuni na mfinyanzi, bila kujificha hata kidogo. Mama mmoja wa nyuma akapaza sauti: hiyo si picha tu? Kisima kitashukaje bondeni kwa sababu ya picha?

"Wewe Mama Zuhura," akamjibu, "ulipokwenda kuangaliwa mimba ulipewa picha. Kijivu kitupu, kichwa hakionekani wala mguu. Ukarudi hapa unatuonyesha: mwanangu huyu hapa, mnaona pua! Tukasema tunaiona. Leo mimi nakuonyesha bluu ya wazi kabisa, wewe unaniambia picha tu?"

Walicheka mpaka mkutano ukakosa utaratibu. Uamuzi ukapita.

Mtambo ukachimba bondeni. Siku ya kupima maji nilikuwepo, nimevaa suti, kwa sababu nilijua. Msidhani najisifu, nilikuwa nimehesabu mara mbili, na Nuru mara ya tatu. Maji yalitoka machafu, yakatoka ya rangi ya chai, yakatoka meupe, na yakaendelea kutoka wakati wapimaji wameshachoka kuandika. Bomba likapandishwa mteremko, likafika zahanati.

Walipofungua koki pale, wanawake walipanga ndoo kwa mstari unaopinda mpaka kwenye mikorosho. Mama Sharifa hakuwa kwenye mstari. Alinijia.

"Baba, lile jiwe langu bado unalo? Nusu iliyobaki?"

Nilikuwa nalo kwenye begi. Nusu ya kore ya zahanati, upande uliokatwa, huwa naiweka mezani kuzuia karatasi. Nilikuwa nimekuja nayo bila kujua kwa nini, na mimi sibebi mzigo bila sababu. Nikampa. Akaligeuza, akatazama kile kiini cha rangi ya chai ya maziwa.

"Hili lilinitia aibu," akasema. "Niruhusu nilioshe."

Nuru, aliyekuwa karibu, akasema, "Osha, mama. Tumeshalipiga picha."

Watu wakampisha. Akatoa brashi ileile mfukoni mwa gauni, akaliweka jiwe chini ya koki na kuanza kusugua. Mfinyanzi ukatoka, maji yakawa ya rangi ya chai, yakamwagika kwenye saruji, yakapita katikati ya miguu ya wanawake, yakaelekea shambani. Alisugua taratibu, kila upande, kama mtu asiye na safari.

Hakuna aliyekimbilia kukinga beseni.